Aliyekosewa Ndiye Aliyetangulia

Somo: 2 Wakorintho 5:18–21

Paulo aliandika waraka huu kwa kanisa lililokuwa limemuumiza. Tukilisahau hilo, tutaisoma sehemu hii kama fundisho la darasani. Pale Korintho walikuwapo watu waliosema barua zake ni kali, lakini akija mwenyewe hana uzito. Ziara yake moja kwao ilikuwa chungu kiasi kwamba aliamua asirudi upesi. Mtu mwenye jeraha kama hilo ndiye anayekaa chini, yapata mwaka 55 au 56, kuwaandikia habari za upatanisho. Naye anaanza na Mungu: haya yote yametoka kwake, yeye ndiye aliyetupatanisha na nafsi yake katika Kristo, bila kuwahesabia watu makosa yao.

Angalia ni nani anayetenda hapo. Hakuna mahali Paulo anasema kwamba Mungu alipatanishwa na sisi, kana kwamba alikuwa amenuna akingoja kubembelezwa. Kila mara sisi ndio tunaopatanishwa naye. Warumi 5:10 inasema vilevile, tena inaongeza kwamba jambo hilo lilifanyika tulipokuwa bado adui.

Kwa mtu wa Kangeta neno hili linapaswa kushtua. Huku Igembe utaratibu unajulikana. Mtu akimkosea mwenzake, yeye mkosaji ndiye anayetafuta wazee na kuwatuma, na wazee hawaendi mikono mitupu. Hubeba miraa ya heshima, iliyochaguliwa kijiti kwa kijiti na kufungwa kwa jani la mgomba, ili mwenye nyumba akiiona tu ajue wamekuja kwa amani. Kikao kikiketi, kila upande husema hadi umalize. Kisha faini hukatwa: mbuzi, kondoo, na kosa likiwa zito, fahali. Mnyama hutoka kwa mkosaji. Akishachinjwa na nyama ikaliwa pamoja, neno limekwisha, na atakayelifufua atawajibu wazee.

Hekima hiyo ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, siidharau hata kidogo. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 159, inaziagiza mahakama kuendeleza njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili za Kisomali kupatana kwa fidia ya mifugo. Watu wetu wamejua siku nyingi kwamba hukumu peke yake haiponyi. Hapa hapa kwetu kuna Gereza la Kangeta. Mle mtu hulipa kwa miaka yake. Akitoka, hana deni na serikali, lakini yule aliyemjeruhi huenda hajaonana naye uso kwa uso tangu siku ile kortini, na njia ya kisimani ni ile ile moja.

Kanisa limeueleza msalaba kwa lugha ya kikao na kwa lugha ya korti. Anselmo wa Canterbury, alipomaliza kitabu chake mwaka 1098, alieleza kwamba dhambi ni kumnyima Mungu heshima anayostahili, deni ambalo mwanadamu analo lakini ni Mungu tu awezaye kulilipa. Warekebishaji wa karne ya 16 walisema kikorti zaidi: sheria imevunjwa, adhabu ipo, na Kristo ameibeba. Wamethodisti walioanza kazi Kaaga, hapa Meru, mwaka 1912 walileta mahubiri yenye mizizi hiyo, na ndiyo yaliyotulea. Mwaka 1930 mwanateolojia wa Uswidi, Gustaf Aulén, akalikumbusha kanisa sauti ya zamani zaidi: msalabani Kristo alipigana na dhambi, mauti na Shetani, akashinda. Mabaraza makuu ya kanisa la kale yalifafanua kwa makini kwamba Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli, lakini hayakuwahi kulifunga kanisa kwa maelezo mamoja tu ya jinsi kifo chake kinavyotuokoa. Naona busara katika hilo.

Siku hizi wengi wanauliza, hata vijana wetu wakirudi kutoka vyuoni: ni baba gani huyu anayempiga mwana asiye na hatia ili hasira yake itulie? Swali hilo tusilifukuze. Limezaliwa na baadhi ya mahubiri yetu. Tumehubiri kana kwamba pale Golgotha palikuwa na pande tatu: Mungu mkali mbele, sisi wenye hatia nyuma, na Yesu mpole katikati akipokea mapigo ya Mungu kwa niaba yetu. John Stott, aliyeutetea msalaba kwa moyo wote katika kitabu chake cha 1986, alikataa picha hiyo. Alisisitiza kwamba aliyechukua mahali petu ni Mungu mwenyewe katika Kristo. Paulo amelisema katika mstari wa 19: Mungu alikuwa ndani ya Kristo. Aliyekosewa ndiye aliyetoa fahali katika zizi lake mwenyewe, akamleta mlangoni kwa mkosaji ambaye hata hakuwa ametuma mzee mmoja.

Hata Agano la Kale lilikuwa limelidokeza. Tunadhani katika Walawi watu walikuwa wakimpelekea Mungu damu ili alainike. Lakini katika Walawi 17:11 Mungu mwenyewe anasema kwamba ndiye aliyewapa damu hiyo juu ya madhabahu. Sadaka ilitoka kwake kabla haijarudi kwake.

Mstari wa 21 unabaki kuwa mgumu, na sitaki kuulainisha. Asiyejua dhambi alifanywa dhambi kwa ajili yetu. Haisemwi kwamba dhambi ilifumbiwa macho. Mungu hakupitisha mkono juu ya panga lililompiga jirani, au mpaka uliosogezwa usiku, akasema si kitu. Uzito wake wote ulibebwa, na Mungu ndiye aliyeubeba.

Hapa lazima nitahadharishe. Wapo wanawake katika makanisa yetu waliorudishwa kwa waume wanaowapiga, wakaambiwa wabebe msalaba wao kama Yesu. Mercy Amba Oduyoye wa Ghana na wenzake, waliokusanyika Accra mwaka 1989 na kuunda umoja wa wanawake wanateolojia wa Afrika, walipaza sauti juu ya matumizi kama hayo ya Neno, na walisema kweli. Katika Yohana 10:18 Yesu anasema hakuna anayemnyang'anya uhai wake, anautoa kwa hiari. Hiari hiyo ni ya aliyekosewa peke yake. Mchungaji hana ruhusa ya kumlazimisha, wala wazee, wala mama mkwe. Anayetumia msalaba kumnyamazisha aliyeumizwa amesimama upande wa waliopigilia misumari.

Je, neema hii inafuta fidia? Tumtazame Zakayo katika Luka 19. Katika kikao chetu mtu hulipa kwanza, kisha watu wakala pamoja. Yeriko mambo yalipinduka. Yesu alijialika kwanza, akaingia nyumbani mwa mtoza ushuru huku watu wakinung'unika, na Zakayo hajarudisha hata senti. Ndipo akasimama na kuahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu mara nne. Torati ilimdai mtu aliyekiri arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alivuka kipimo hicho mbali sana, na hakuna aliyemkatia faini.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza Gahini, Rwanda, na kufika Kenya mwaka 1937. Waliimba damu ya Yesu kila walipokutana, na walijulikana pia kwa kurudisha: mtu alitembea mwendo mrefu kumpelekea tajiri wake wa zamani alichomwibia. Ilipokuja Hali ya Hatari, kuanzia 1952, wengi wao katika nchi hizi za Mlima Kenya walikataa kiapo cha Mau Mau kilichofungwa kwa damu ya mbuzi. Walisema damu ya Kristo imewatosha. Baadhi yao waliuawa kwa neno hilo.

Ndugu yangu unayesoma haya, labda baba alipolala mligawana miti ya miraa vibaya, na mkubwa wako akachukua ile mizee aliyoipanda babu. Haki yako ipo, na sikuambii uiache. Wazee wapo na korti ipo. Lakini yeye hajatuma mtu, na miaka inakwenda. Wewe waweza kutuma.

Tuombe. Ee Mungu, ulitutafuta tungali adui zako. Wakumbuke walio katika Gereza la Kangeta, na wale waliowaumiza, ambao hawajasikia neno lolote kutoka kwao. Walinde wanaolazimishwa kurudi mahali pa kupigwa. Na aliye na shamba la nduguye mkononi, ingia nyumbani mwake leo, kama ulivyoingia kwa Zakayo. Katika jina la Yesu. Amina.