Mtupo Usioandikwa

Jambo ninalotaka tulitazame lilinipata kilimani, nyuma ya nyumba zetu hapa Igogo, nami nikicheza. Mzee wa umri wangu kucheza? Naam, lakini someni kwanza.

Mpwa wangu akaaye Marekani alikuja likizo, akaleta visahani vitatu vya plastiki. Kule kuna mchezo uitwao gofu ya visahani. Hauchezwi katika uwanja uliosawazishwa, bali katika bustani za umma zenye vilima na miti, na mara nyingi mtu huingia bure. Kiwanja cha kwanza cha kudumu kilifunguliwa mwaka 1975 huko Oak Grove, California, kwa juhudi za Ed Headrick, ambaye baadaye alibuni nguzo yenye minyororo na kikapu cha kupokea kisahani. (Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa katika visahani, kama alivyotaka mwenyewe. Mimi nizikeni tu kwa kawaida yetu.) Kabla ya vikapu watu walilenga miti na nguzo za taa. Nasi hatukuwa na vikapu, basi tukachagua mashina tisa ya miti kati ya yale mawe makubwa, tukaanza kupanda. Kila mara tulisimama ili akina mama wenye ndoo za maji wapite, kwa maana njia ni yao.

Hesabu ni rahisi. Unahesabu mitupo yako mpaka ulipige shina, na mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Mjukuu wangu wa miaka 12 ndiye aliyeshika karatasi.

Penye shina la saba kisahani changu kiligonga tawi, kikaanguka nyuma ya jiwe. Nikatupa tena, kikarudi miguuni pangu. Nikatupa mara nyingine. Nilipotokea, mjukuu akauliza, "Babu, ngapi?" Nikajibu, "Nne." Zilikuwa tano. Mwisho wa mchezo nilimshinda kwa mtupo mmoja, na mpwa wangu akanipigia makofi.

Rafiki mmoja niliyemsimulia alicheka, akasema ni mchezo tu. Lakini kisahani kugusa mti kuna faida gani? Hakuna. Thamani yote ya mchezo ule imo katika hesabu. Ukiiba hesabu hujashinda. Mwenzako alikuwa akicheza, wewe ulikuwa ukifanya jambo jingine. Tena mpira wa miguu una mwamuzi, na wako wanaoona ujanja kumdanganya. Huku kwa kawaida mwamuzi hayupo. Wachezaji wenyewe ndio mashahidi, na kanuni zao hutarajia kila mchezaji atakayeona kosa la wazi alitaje. Katika mashindano, kadi ikirudishwa na jumla isiyo sahihi, mwenyewe huongezewa mitupo miwili.

Siku ya tatu nilimwita mjukuu nikamwambia kweli. Akatazama chini. "Niliona, Babu. Nilikuwa nimepanda juu ya jiwe." Nikamwuliza, mbona uliandika nne? Akajibu, "Ulisema nne."

Hapo ndipo nilipoumia, ndugu zangu. Tumewafundisha watoto wasimkosoe mkubwa, nasi tumefanya vema, maana nyumba isiyo na heshima haikaliki. Lakini kanuni ile haiulizi umri. Mtoto yule alitakiwa kuniambia mbele ya mpwa wangu, "Babu, ni tano." Angeniambia, ningemkemea, najijua. Basi heshima tuliyompa ailinde nyumba, mimi niliifanya kichaka cha kujificha.

Mtoto Samweli naye aliogopa kumwambia Eli maneno aliyoyasikia usiku. Nani aliyemfungua kinywa? Ni Eli mwenyewe, mzee aliyejua huenda habari ni mbaya juu yake, akamwapisha asimfiche neno. Kwa hiyo sidhani kosa ni la mtoto aliyenyamaza, wala sidhani dawa ni kuwafundisha watoto ukavu wa macho. Mkubwa ndiye atangulie kuomba asahihishwe, tena kabla ya mchezo kuanza, si baada ya kushinda. Je, tunaomba hivyo nyumbani, tugawapo fedha za matumizi? Katika vikao vyetu?

Jumamosi iliyofuata tulipanda tena. Kabla ya kutupa nilimwambia, "Ukiona nimekosea, sema, nami sitakasirika." Penye shina la tatu nilisema, "Tatu." Akanyamaza kitambo, akitafuna kalamu.

"Babu," akasema, "ile iliyogonga jiwe umeihesabu?"

Nilikuwa nimeihesabu. Nikaanza kumwonyesha moja moja.