Nani Mjuzi wa Binti Aliyeacha Shule?

Dodoso letu lilikuwa na swali kuhusu sababu za utoro, na chini yake visanduku vya kuweka alama: umbali, umaskini, ujauzito, mengineyo. Mabinti wa kidato cha pili katika shule moja ya kata wilayani Newala waliweka alama kwenye umbali, karibu wote. Mimi nilikuwa mwalimu niliyerudi chuoni kusomea uzamili, na jibu lile lingehesabika vizuri sana kwenye jedwali.

Nikawaomba wanichoree chini, kwenye mchanga, njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Waliokota vijiti, majani ya mkorosho na vipande vya mkaa. Wakaweka nyumbani, bombani, mashamba, kijiwe cha bodaboda, duka, shule. Walipofika kwenye kijiwe wakaanza kubishana. Mmoja akasema: "Madam, kutembea tumezoea. Ila pale, ukikataa lifti leo, kesho wanakutukana mbele za watu." Mwingine akaongeza kwamba wao huzungukia porini ili kukikwepa kijiwe, wanafika wamechelewa, wanachapwa, na kesho yake hawaji. Yote hayo yalikuwa yamefungwa ndani ya alama moja ya umbali.

Ndipo likaja swali lililonishika tangu siku ile: ujuzi huu ulikuwa wapi kabla ya ramani? Mimi sikuwa nao. Kila binti alikuwa na kipande chake, na hakuna aliyewahi kukiweka pamoja na vya wenzake. Basi siwezi kusema niliukusanya, kama mtu anavyookota korosho zilizokwisha kuanguka. Ulizaliwa palepale, katika kubishana kwao. Na kama ni hivyo, wao ni watafiti wenzangu, na haki yao juu ya matokeo si ya hisani.

Inaniuma kuona wanafunzi wetu wakifundishwa fikra hii, kwamba wanaotafitiwa nao ni watafiti, kana kwamba imetujia kutoka ng'ambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa inajengwa Dar es Salaam. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyekuwa ameishi Bunju na kujifunza kwa wanawake wa Kizaramo, alikuwa Chuo Kikuu. Mtafiti Budd Hall alikuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazili, alikuja 1971. Baadaye ukaja mradi wa Jipemoyo, Bagamoyo, ambapo wanakijiji walishiriki kuyachunguza maisha yao wenyewe.

Hata hivyo kushirikisha peke yake hakutoshi, na hapa ndipo ninapowashukuru wanazuoni wa kifeministi kwa kutukumbusha kwamba kijiji si mtu mmoja. Pale kwenye ramani alikaa nyuma binti aliyeacha shule baada ya kujifungua, na hakugusa kijiti hata kimoja. Alizungumza siku nyingine, tukimenya mihogo, hakuna mtu karibu. Alijua kwamba Novemba 2021 serikali iliruhusu waliojifungua kurudi darasani. Kilichomzuia ni nani angebaki na mtoto asubuhi, maana mama yake hushinda shambani. Hilo halikuwamo kwenye dodoso wala kwenye ramani. Mkutano wa wazi humsikia anayethubutu kusema mbele ya wenzake. Wengine hupaswa kufuatwa walipo, kwa muda wao, na bila kuharakishwa.

Je, aliyepatwa na jambo ndiye mjuzi wake wa mwisho? Nimelifikiria sana, na sikubali. Baadhi ya mabinti walisema wenzao wanapata mimba kwa tamaa zao wenyewe. Niliwaambia siafiki, nikawauliza mtu mzima mwenye pikipiki ana sehemu gani katika tamaa hiyo. Walinyamaza, kisha wakanijibu kwa ukali, na mazungumzo yakawa bora kuliko yote yaliyotangulia. Kumheshimu mtu ni pamoja na kumpinga ana kwa ana, badala ya kuitikia akiwepo na kumsahihisha kwenye tasnifu asiyoweza kuisoma.

Liko pia suala la majina. Mwaka 1989 mwanazuoni wa kifeministi Marjorie Mbilinyi alichapisha makala juu ya simulizi ya Rebeka Kalindile, mwanamke mkulima wa Rungwe. Alimtaja kwa jina, na akachambua waziwazi mamlaka na kazi iliyokuwa kati ya msimulizi na mtafiti. Mimi niliyaficha majina ya mabinti, na ningeyaficha tena: ni watoto, na kijiwe bado kipo. Lakini mmoja aliniuliza, "Sasa nani atajua kwamba ramani tulichora sisi?" Jina bandia linamlinda, na papo hapo linamnyang'anya kazi yake. Sijaona kanuni ya maadili inayolimaliza jambo hili.

Vyuo vyetu hudai fomu ya ridhaa kabla mwanafunzi hajaenda uwandani, na ni sawa. Naviomba vidai pia, kabla tasnifu haijapitishwa, ushahidi kwamba matokeo yalirudishwa kwa waliotoa habari, yakasomwa kwa Kiswahili wanachokielewa, na kwamba walipewa nafasi ya kuyapinga.