Ufa wa Nani, Ukuta wa Nani?

Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta tumewafundisha wanafunzi kwa vizazi vingi, na mtoto wa darasa la nne huweza kuimalizia kabla mwalimu hajafika katikati. Ni methali nzuri ya nyumbani. Anayelala ndani ya nyumba ndiye auonaye ufa, ndiye mwenye udongo wa kuuziba, na akizembea ndiye atakayenyeshewa. Kosa na adhabu vinakaa chini ya paa moja. Lakini tukiitoa methali hiyo nyumbani tukaipeleka kwenye daraja, au bomba la maji la mji, au njia ya reli, huanza kupwaya. Aliyeuacha ufa wa daraja kwa kawaida hatakuwapo siku ya kujenga ukuta. Atakuwa amehamishwa, au amestaafu, au amekwisha kuzikwa kwa heshima zote. Ukuta utajengwa na mjukuu wa mtu mwingine. Basi swali ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, ni hili: kitu gani kimfanye mtu azibe ufa ambao ukuta wake hatadaiwa yeye?

Swali hili linatuhusu sote, lakini linawabana wahandisi wa ujenzi kuliko watu wengine. Mgonjwa wa daktari yu hai, anaweza kulalamika. Mwanafunzi wangu alikuwa akinitazama usoni. Mteja halisi wa mhandisi, mara nyingi, hajazaliwa. Daraja la Kigongo na Busisi katika Ghuba ya Mwanza, lililozinduliwa Juni 2025, lina urefu wa kilometa 3 hivi, na limetajwa kuwa na uhai wa miaka 100. Hesabu ni rahisi: litavukwa na watu wa mwaka 2110, na mhandisi atakayelikagua miaka hiyo leo hata mama yake hajazaliwa. Mtu anayechora kitu cha namna hiyo anafunga mkataba na watu wasioweza kuusoma wala kuukataa.

Huko Genoa, Italia, palikuwa na daraja refu juu ya bonde la mto Polcevera, lililofunguliwa mwaka 1967 na kusifiwa kwa umbo lake. Mhandisi wake, Riccardo Morandi, alizifunika kwa zege nyaya za chuma zilizolishikilia, kwa matumaini kwamba zege lingezikinga na kutu. Mwaka 1979 yeye mwenyewe aliandika kwamba hewa ya chumvi ya bahari na moshi wa viwanda vilikuwa vinalila daraja lake, akashauri kutu iondolewe na zege likarabatiwe. Akafariki mwaka 1989. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyaya za nguzo moja ziliimarishwa. Tarehe 14 Agosti 2018, siku ya mvua, ilianguka nguzo nyingine, ambayo nyaya zake hazikuimarishwa namna hiyo, watu 43 wakafa. Nani alaumiwe kisheria ni kazi ya mahakama za huko. Mimi kinachonishika ni kwamba ufa ulionekana, tena na aliyekuwa na ujuzi kuliko wote, ukaandikwa na kuchapishwa, na bado miaka 39 ikapita. Basi si ujinga uliopungua hapo. Katika kila mwaka kati ya hiyo 39 palikuwa na sababu nzuri ya kungoja mwaka unaofuata.

Sababu hizo tunazijua, maana tunazo nyumbani. Kubwa kuliko zote ni heshima. Sisi binadamu tumempa heshima yote mwanzilishi. Huweka jiwe la msingi likachongwa jina, huja akakata utepe, ngoma zikapigwa, pilau ikaliwa. Sijapata kuona jiwe lililochongwa jina la aliyezibua kalvati. Katika chuo kimoja cha ualimu nilichofanyia kazi alikuwapo fundi ambaye kila mwaka, kabla ya mvua za vuli, alipanda juu ya mabweni na kuondoa majani yaliyoziba mifereji ya paa. Hakuna aliyemtuma. Alipostaafu aliagwa kwa soda na mkono wa kwaheri, na wakubwa wa huko juu hawakuijaza nafasi yake, kwa hoja kwamba haikuonekana alikuwa akifanya nini hasa. Hoja hiyo, ukiifikiri, ilikuwa sahihi kabisa: kazi yake ilipofanywa vizuri haikuonekana. Mbao za paa zilipooza ndipo ilipoonekana, na hapo ilikuwa imegeuka kuwa kazi ya mkandarasi, yenye zabuni, na sherehe ya kukabidhi jengo.

Yaliyotokea katika bweni lile yametokea katika bara zima. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1994, ilikadiria kwamba matengenezo ya dola bilioni 12 yaliyofanywa kwa wakati yangeliepushia bara la Afrika gharama ya dola bilioni 45 za kujenga upya barabara katika mwongo uliotangulia. Karibu mara nne. Wenzangu wa rika langu wanayakumbuka mabasi ya miaka ya 1980, yalivyoiacha lami yenye mashimo na kupita pembeni porini kwa sababu porini palikuwa na nafuu.

Hapo patakuwa na mtu wa kuniuliza, na ana haki ya kuuliza: Mzee, unamhubiria nani? Mama mwenye uchungu wa kuzaa aliyekwama ng'ambo ya mto hana daraja la kutunza. Mpe kwanza daraja, habari ya kutunza itafuata. Hoja hii nimeigeuza mara nyingi, na siioni kuwa ya kudharauliwa. Fedha ni hizo hizo. Kila shilingi inayokwenda kuziba ufa wa barabara kuu imenyimwa kijiji kisicho na barabara kabisa. Anayesema tutunze kwanza tulichonacho anasema pia, hata kama hapendi kujisikia akisema, kwamba walio nacho waendelee kuwa nacho. Sidhani kuna kanuni ya jumla ya kumaliza ubishi huu. Ninachosema ni kwamba daraja analopewa yule mama likisombwa baada ya masika saba, tutakuwa tumemwazima tu, na binti yake atakwama ng'ambo ile ile, safari hii taifa likiwa bado linalipa deni la daraja lisilokuwapo. Kujenga bila fungu la kutunza kunafanana na kuzaa bila nia ya kulea.

Njia mojawapo ya kuirudisha methali mahali pake ni kumlazimisha mtumiaji wa leo alipie ufa wa leo. Tanzania tulifanya hivyo mwaka 1998 kwa kuundwa Bodi ya Mfuko wa Barabara: tozo iliyomo katika kila lita ya petroli na dizeli huingia katika mfuko ambao sehemu yake kubwa ni ya matengenezo. Madereva hunung'unika, lakini kimaadili mimi naona ni jambo zuri. Hutufanya angalau tulale ndani ya nyumba yenye ufa wetu wenyewe.

Hata hivyo fedha haimalizi swali, kwani nyufa nyingine huchorwa tangu mwanzo. Mhandisi akitaka kujua kalvati liwe na upana gani hutazama kumbukumbu za mvua zilizopita, kisha huchagua: lihimili mafuriko ya miaka 25, au 50, au 100. Wengi hudhani mafuriko ya miaka 100 huja mara moja kwa karne kama mgeni mwenye ratiba. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka yana nafasi moja katika mia ya kutokea, na ukipiga hesabu kwa miaka 50 nafasi hiyo inafika karibu 40 katika mia. Basi anayechagua kati ya 25 na 100, hata kama ameketi mbele ya karatasi yenye namba tupu, anaamua ni watu wangapi wawekwe hatarini ili bei ipungue. Na kumbukumbu zenyewe sasa zinaanza kutudanganya, kwa kuwa mvua za leo hazifuati desturi za jana. Mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika sehemu kadhaa, Somanga ikiwamo, na mikoa ya kusini ikatengwa kwa siku kadhaa.

Nasikia vijana wakisema kwamba kompyuta zitachukua kazi ya uhandisi. Hesabu zitachukua, na zimekwisha kuchukua nyingi. Lakini kompyuta haiwezi kushtakiwa, haiwezi kuona haya, wala haiwezi kumwambia mkubwa mwenye haraka ya kukata utepe kwamba zege halijakomaa. Mhandisi wetu husajiliwa na Bodi, na hula kiapo. Naona kazi yake ya miaka ijayo itakuwa hasa hiyo ya sahihi: kuitoa, na kuinyima pale inapostahili kunyimwa, tena katika kazi zisizo na ngoma wala jiwe, kama kukagua nguzo chini ya maji na kupima kutu.

Kama ningalikuwa na usemi katika vyuo vyao, na mwalimu mstaafu haachi kupanga mitaala ya watu wengine, ningaliomba kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe kalvati moja kuukuu karibu na chuo. Alizibue, alipime, aandike kila masika limebadilika nini, mpaka siku ya kuhitimu. Kisha amkabidhi daftari mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeingia, ambaye hamjui.