Shemeji Amefungwa: Nani Apeleke Pesa?

Ugomvi mwingi wa nyumbani kuhusu fedha huwa ni wa karo, shamba au pombe. Lakini kuna mmoja ambao watu hawausemi hata mbele ya wasimamizi wao wa ndoa. Ndugu wa mmoja wenu yuko Kamiti, Kodiaga au Shimo la Tewa, na kila mwezi shilingi mia kadhaa hutoka nyumbani kimyakimya. Mke huzitoa katika pesa za mboga. Mume husema alilipa deni kazini. Siku moja risiti huonekana mfukoni nguo zikifuliwa, na maneno huanza: "Baba watoto, kumbe sisi ndio tunaolisha wezi?"

Hebu tulitazame neno hilo, wezi. Mtume Paulo alikuwa kifungoni alipowaandikia Wafilipi. Siku hizo za Warumi, mfungwa alitegemea sana kile alicholetewa na jamaa na marafiki. Wakristo wa Filipi walichanga wakamtuma Epafrodito na msaada wao, naye katika kazi hiyo akaugua karibu kufa. Paulo aliandika wazi kwamba amevipokea vyote (ungedhani anaandika risiti!) na kwamba hakukitafuta kipawa chenyewe, bali faida itakayowarudia wao waliotoa. Isomeni sura ya 4 ya waraka huo ninyi wawili kabla hamjazungumza juu ya shemeji.

Mtasema Paulo hakuiba ng'ombe wa mtu. Ni kweli. Lakini Bwana wetu, katika Mathayo 25, hakuuliza mfungwa alifungwa kwa kosa gani, na Kanisa linapohesabu kuwatembelea wafungwa kati ya matendo ya huruma halikuwaweka kando wenye hatia.

Hata hivyo, huruma inayomficha mwenzi wako imeingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Msaada wa shilingi mia tatu mliokubaliana ni bora kuliko elfu mbili za kuibia. Kwa hiyo kaeni, tajeni kiasi, tajeni mara ngapi. Na wewe uliyefungiwa ndugu, usianze kwa kulia au kwa kumkumbusha mwenzako jinsi ulivyomsomesha dada yake. Anza na mahitaji: sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kujipaka, na kwa mwanamke, sodo. Huko Lang'ata wapo akina mama waliofungwa wakiwa na watoto wao wadogo, maana sheria yetu huruhusu mtoto kukaa na mamake gerezani hadi afikie miaka minne. Ni mke yupi atamnyima mtoto huyo sabuni?

Mfungwa haruhusiwi kushika pesa taslimu wala kuwa na simu yake ya mkononi. Pesa halali hukabidhiwa ofisi ya gereza, huandikwa kwa jina na namba yake, naye hununua vitu kwenye kantini. Ulizeni utaratibu katika gereza lenyewe, na mdai risiti. Sauti ikikupigia usiku, "Shemeji, ni mimi, tuma kwa namba hii upesi nisipigwe," usitume kitu. Kenya nzima inajua matapeli wanaotumia simu namna hiyo, na baadhi yao hupiga kutoka humo humo gerezani. Amkeni, zungumzeni, kisha asubuhi mmoja aende akaulize.

Ikiwa alifungwa kwa kushindwa kulipa faini, fikirini upya kabla ya kutuma vijisenti kila mwezi. Faini ikilipwa sehemu, siku za kifungo hupunguzwa kwa kadiri hiyo. Huenda mchango wa ukoo ukamrudisha nyumbani mapema, na nyumba yenu ikapumua.

Lakini yako mambo ambayo hayaamuliwi kwa hesabu. Kama huyo ndugu alimdhuru mtoto wenu, au alimpiga mke wako, usimwambie mwenzako kwamba Mkristo hana budi kutoa. Kidonda chake kipewe heshima. Anaweza kumwombea bila kutoa hata senti, na wewe ukitaka kutuma, tuma kutoka katika fungu lako mwenyewe akijua, wala usimtake aje kumtembelea. Kapelani wa gereza anaweza kumfikia pale ambapo ninyi hamwezi.

Na wewe dada ambaye aliyefungwa ni mume wako mwenyewe, watu watakuambia usimpotezee pesa. Hakimu alimhukumu kifungo. Ndoa yenu hakuivunja. Ila watoto wale kwanza, wasome kwanza. Hiyo siyo kumtupa, maana ni watoto wake pia. Mweleze wazi: mwezi huu karo imekula zote, nimekuletea barua na picha ya mtoto. Mwanamume aliye ndani huumia zaidi akidhani amesahauliwa kuliko akikosa sukari. Mwulize pia maoni yake kuhusu shule na shamba, ili abaki baba.

Siku ya kumtembelea ikifika, bebeni vitambulisho vyenu na mfike mapema, kwa kuwa foleni huwa ndefu na dakika za kuonana ni chache.