Kurudisha Ujana kwa Sindano

Mama mmoja wa Kiislamu, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Ruiru, ametuletea swali katika darasa letu la Thika, nasi twaona si haki kulijibu kwa siri, kwani kina mama wengi wanalo nyoyoni. Amezaa watoto sita, mashavu yamebonyea, na mumewe humkumbusha kila mara jinsi alivyokuwa siku ya harusi. Ameambiwa kwamba Nairobi, mwendo mfupi kwa barabara kuu ya Thika, wako madaktari wafyonzao mafuta ya paja au tumbo kwa mrija mwembamba, wakayasafisha, kisha wakayatia usoni kwa sindano. Asema hachukui kitu cha mtu. Ni mwili wake mwenyewe. Je, ana dhambi gani?

Hoja hii si nyepesi. Wengi humkemea mwanamke kama huyu kabla hajamaliza kusema, na miongoni mwao wamo wapakao ndevu zao rangi nyeusi, ilhali Mtume wetu (S.A.W.), alipoletewa Abu Kuhafa, babake Sayyidna Abubakar, mwaka wa kufunguliwa Makka, aliamrisha mvi zake zibadilishwe na weusi uepukwe. Kujipamba basi si haramu. Hina na wanja hakuna azikatazae.

Tena kazi yenyewe ya kuhamisha mafuta ilianza kwa matibabu. Mwaka 1893 daktari wa Kijerumani, Gustav Neuber, alichukua mafuta ya mkono wa mgonjwa akajazia kovu lililodidimia usoni. Jambo kama hilo sharia hailikatazi. Sahaba Arfaja bin Asad alikatwa pua vitani, akatia pua ya fedha, ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aweke ya dhahabu, ijapokuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Aliyeungua moto, au aliyeumizwa na gari katika barabara hiyo hiyo ya Thika, na atibiwe uso wake bila kuona haya.

Lakini uso uliokunjamana kwa umri si jeraha. Mtume (S.A.W.) amewalaani wanawake watengao meno yao kwa kutaka uzuri, wakageuza umbo la Mwenyezi Mungu. Na wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, walipokutana Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, walikata kwamba haijuzu kuondoa makunyanzi kwa kupasua wala kwa sindano, ila yakiwa ni ya ugonjwa, na kwa sharti pasiwe na madhara. Twaona wamesema kweli. Madhara yapo: sehemu ya mafuta hayo hunywewa na mwili katika miezi michache, ikabidi kurudia, na yakiingia katika mshipa wa damu yaweza kupofusha jicho. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kupasuliwa kwa ajili ya urembo.

Hata hivyo twakiri kuwa jibu letu limemfunga mke peke yake. Mume naye ana upara na kitambi, wala hapana amwambiaye akatiwe sindano. Kwa hiyo tulimwomba mama yule aje na mumewe Alkhamisi iliyofuata. Alikuja peke yake, akakaa nyuma, akatuuliza kama iko fatwa juu ya ulimi wa mume. Tukamtajia amri ya Mwenyezi Mungu, katika Suratin-Nisaa, ya kukaa na wake kwa wema. Akasema hiyo aijua tangu chuoni. Aliyetaka aisikie hakuja.