Aliyefika wa Mwisho

Mtoto arudi nyumbani kutoka mashindano ya shule, kichwa amekiinamisha: amekuwa wa mwisho. Baba amcheka. Mama, kwa huruma, asema kwamba mbio ni mchezo tu, si kitu. Twaona wote wawili wamekosa. Baba amedharau juhudi ya mwanawe. Mama amemficha ukweli, na mtoto ajua vema kwamba ameshindwa. Yatupasa kumwambia nini, basi?

Tukumbuke siku ile ya tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City. Mwenzetu John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka njiani katika mbio za marathoni, akaumia vibaya goti. Wakimbiaji 18 waliacha mbio siku hiyo, wala hakuna ambaye angalimlaumu yeye kama angalifanya vivyo hivyo. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda zaidi ya saa nzima, Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza.

Hakujidanganya kwamba ameshinda. Alijua tu kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza, si kuanza.

Mtume Paulo awahimiza Wakorintho wapige mbio kwa nia ya kupata tuzo. Basi si vema kudharau ushindi. Lakini mtume huyo huyo, alipomwandikia Timotheo kifo kikikaribia, hakujisifu kuwatangulia wengine. Furaha yake ilikuwa kwamba hakuiacha njia wala imani.

Kukata tamaa mara nyingi ni majivuno yaliyojeruhiwa: twalia si kwa sababu kazi imeharibika, bali kwa sababu tumeonekana wadogo. Fadhila ya matumaini yaanza pale tunapoukubali udogo huo mbele ya Mungu, kisha twaendelea. Akhwari aliendelea: mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa 5. Lakini hata kama asingalifika huko, mwendo wake wa Mexico ungalibaki na heshima yake.

Basi wazazi, mtoto akirudi ameshindwa, msimcheke wala msimdanganye. Mwambieni: “Leo umeshindwa, mwanangu, lakini hukuacha njia. Njoo ule, kesho utaanza tena.”