"Kashikwa": Dhana, kashfa na mafuta ya watu

KATIKA baraza nyingi za mjini, baina ya Magharibi na Isha, kuna neno moja linalomaliza kila mjadala. Ukiuliza kwa nini rais fulani wa Kiafrika kasaini mkataba ambao hata mtoto wa darasa la saba angeukataa, unajibiwa: "Kashikwa." Ukiuliza kwa nini watawala wa Kiarabu walikaa kimya Gaza ilipoanza kuteketezwa Oktoba 2023, jibu ni lile lile: "Wameshikwa hao." Kuna mkanda wa video, kuna picha, kuna akaunti Uswisi, na wakubwa wa dunia wamevifungia kabatini. Basi, hoja imekwisha, kahawa inamiminwa.

Nimelisikia neno hili mara nyingi, na sitamdanganya msomaji, nami nimelisema. Lakini siku hizi linanikera, na leo nataka tulitazame kwa mizani ya dini yetu. Je, Muislamu anaruhusiwa kuliamini na kulieneza? Na tukichukulia kuwa ni kweli mtawala kashikwa, je, huo ni udhuru wake mbele ya Allah (s.w.)?

Kwanza tusiwadharau wanaolisema. Mwaka 1951 Bunge la Iran lilitaifisha mafuta yaliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza. Miaka miwili baadaye, Agosti 1953, Waziri Mkuu Mosaddegh akapinduliwa. Muirani wa kawaida aliyesema siku ile kwamba huo ni mkono wa Marekani na Uingereza hakuwa na karatasi hata moja ya kuthibitisha. Shirika la kijasusi la Marekani, CIA, lilitoa nyaraka za kukiri ushiriki wake mwaka 2013, yaani miaka 60 baadaye. Kwa hiyo anayetuambia kwamba kila mwenye shaka ni mgonjwa wa akili, naye hana haki. Waislamu wamejifunza kushuku kutokana na waliyotendewa.

Lakini kushuku ni jambo moja, na kujua jinsi mtu anavyoshikwa ni jambo jingine. Hapa nina kisa ambacho hakikutoka vijiweni, kilitoka mahakamani, Paris, mwaka 2003.

Elf ilikuwa kampuni ya mafuta iliyoundwa na serikali ya Ufaransa katika miaka ya 1960, makoloni yake ya Afrika yalipokuwa yamekwishapata bendera. Kazi yake ilikuwa kuchimba mafuta, na pamoja na hayo kuhakikisha kuwa Gabon, Kongo-Brazzaville na majirani zao hawatoki mkononi mwa Paris. Jaji mchunguzi, mwanamama Eva Joly, alipofukunyua vitabu vyake miaka ya 1990 alikuta mambo ya kutisha. Watuhumiwa 37 walipandishwa kizimbani, na hukumu ikasomwa Novemba 2003. Mkuu wa zamani wa kampuni, Loïk Le Floch-Prigent, na msaidizi wake Alfred Sirven, walipata kifungo cha miaka mitano kila mmoja. André Tarallo, aliyeitwa "Bwana Afrika" wa kampuni hiyo, alipata minne. Fedha zilizochotwa zilikuwa euro milioni 300 hivi.

Mahakama ilielezwa kuwa katika mikataba ya mafuta kulikuwa na malipo ya wazi, yanayoingia katika hazina ya nchi, na kando yake malipo mengine yaliyopita katika akaunti za siri kuelekea kwa wakubwa wa nchi hizo. Kulikuwa hata na benki, FIBA, ambayo wenye hisa wake walikuwa Elf na familia ya Rais Omar Bongo wa Gabon, yule aliyesilimu mwaka 1973 na kutawala tangu 1967 hadi alipofariki mwaka 2009. Ndiyo, ni ndugu yetu katika imani, na sioni kwa nini tumfiche. Surat An-Nisaa aya ya 135 inatuamuru tusimamie haki hata kama ushahidi ni dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu.

Sasa aliyeshikwa hapo ni nani? Le Floch-Prigent alieleza kuwa fedha za Elf zilivifikia pia vyama vya siasa vya Ufaransa kwenyewe. Kwa hiyo rais wa Gabon alijua siri za wanasiasa wa Paris, na wa Paris walijua zake. Huyu akisema, na yule atasema. Hiki sicho kile kikaragosi cha barazani chenye kamba mgongoni na Mzungu mmoja juu anayeivuta. Ni watu wawili walioshikana mashati, kila mmoja ana hofu na mwenzake, na katikati yao kuna mafuta ya watu wasiokuwepo chumbani.

Wasiokuwepo chumbani wakati mwingine hulipa kwa damu. Mwaka 1993 Rais Pascal Lissouba wa Kongo-Brazzaville, aliyechaguliwa kwa kura mwaka uliotangulia, alikuwa hana fedha za mishahara. Akaiendea kampuni ya Kimarekani, Occidental, akapata dola milioni 150 kwa kuweka rehani mafuta ya siku za mbele. Wafaransa walikasirika, na baadaye mpango ule ukavunjwa. Mwaka 1997 vita vikazuka Brazzaville, maelfu wakauawa, Lissouba akakimbia, na Denis Sassou-Nguesso akarejea madarakani kwa msaada wa majeshi ya Angola, akaendelea kutawala kwa zaidi ya miaka 25. Lissouba aliishutumu Elf kuwa ilimsaidia mpinzani wake. Elf ilikana.

Lakini hebu waulize wanaoikumbuka kashfa ya Elf, wanakumbuka nini? Wanakumbuka viatu. Waziri wa Mambo ya Nje wa zamani wa Ufaransa, Roland Dumas, alinunuliwa na hawara yake jozi ya viatu ya faranga 11,000, kwa fedha za kampuni. Hawara akaandika kitabu, magazeti yakajaa habari za kitandani. Dumas alihukumiwa mwaka 2001, rufaa ikamfutia hatia Januari 2003. Viatu vile vilijulikana dunia nzima. Mjane wa Brazzaville hakuna aliyemuuliza jina.

Tusiwacheke Wafaransa. Serikali yetu ilinunua rada kwa pauni milioni 28 kutoka kampuni ya Kiingereza ya BAE. Desemba 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za malipo yahusuyo mauzo yale, na ikakubali kuwalipa Watanzania karibu pauni milioni 30, zikaelekezwa kwenye elimu. Sisi tulibaki na nini midomoni? "Vijisenti." Waziri mmoja alijiuzulu Aprili 2008 baada ya kujulikana kuwa ana fedha kisiwani Jersey, akaziita hivyo, na mji mzima ukacheka. Yeye alikana kuwa zilitokana na rada, na hakushitakiwa kwa hilo. Neno likabaki, rada ikasahaulika.

Turudi kwenye udhuru. Uislamu unaijua hali ya kulazimishwa. Ammar bin Yasir (r.a.) aliteswa na makafiri wa Makka, wazazi wake wakauawa, hadi ulimi wake ukatamka walichotaka, na aya ya 106 ya Surat An-Nahl inamkinga mwenye kulazimishwa hali moyo wake umetua katika imani. Lakini mafaqihi waliweka mpaka: anayeambiwa aue mtu ili asiuawe yeye, haruhusiwi, kwa sababu roho yake si bora kuliko ya mwenzake. Kama kitisho cha kifo hakihalalishi kumdhulumu mwingine roho yake, vipi kitisho cha aibu kihalalishe kudhulumu taifa zima? Mtawala anayetoa kisima cha mafuta ili mkanda wake usionekane hakulazimishwa. Amefanya biashara, na bei kalipa kwa mali isiyokuwa yake. Kwa hiyo tunaposema "kashikwa" kwa sauti ya huruma, tunampa udhuru ambao sharia haimpi.

Na huyo mwenye kuficha mkanda je? Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kusitiri aibu za wenzetu. Mshikaji naye anasitiri, tena vizuri sana, lakini anasitiri kwa malipo, na kila mwaka bei inapanda. Tendo jema limegeuzwa mtego. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kuwa dawa ni kufichua kila kitu cha kila mtu. Dhambi ya mtu na Mola wake, isiyomgusa mwingine, imefungiwa mlango, na Surat Al-Hujurat aya ya 12 inakataza kupelelezana. Kilicho wazi kwa haki ni amana. Yupo mtu aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka, akarudi akisema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari na kuhoji kama mtu huyo angeletewa zawadi hizo lau angebaki nyumbani kwa wazazi wake. Hakuuliza mtu yule anaishi vipi ndani mwake. Aliuliza mali imetoka wapi.

Katika hilo, jambo la Mmarekani Jeffrey Epstein linaniuma kwa namna ya pekee. Polisi wa Palm Beach walianza kumchunguza mwaka 2005, baada ya mzazi kulalamika juu ya bintiye wa miaka 14. Mwaka 2008 akapewa adhabu nyepesi, akakamatwa tena Julai 2019, akafa mahabusu Agosti 10 mwaka huo. Julai 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilisema haikupata ushahidi wa kuaminika kuwa aliwatisha wakubwa kwa siri zao. Novemba mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kutaka majalada yafunguliwe. Barazani kwetu mjadala ni nani alimtuma na nani kashikwa, na kila mtu ana orodha yake kwenye simu. Huo ushahidi wa kutisha wakubwa haujaonekana, lakini wasichana wapo, walisema, na kwa miaka mingi hawakusikilizwa. Tumeliacha la yakini tukalikimbilia la dhana.

Hapo ndipo naona kosa letu. Muirani wa mwaka 1953 hakukosea kushuku, maana yake ilikuwa shaka inayotafuta. Ile aya ya Al-Hujurat imetuonya tujiepushe na dhana nyingi, na aya ya sita imetuamuru kuhakikisha. "Kashikwa" haihakikishi kitu, haimtaji shahidi, na haimlazimishi msemaji kufanya lolote kesho asubuhi. Ukishaamini kuwa kila kitu kimeamuliwa na mkanda ulioko kabatini Washington au Beijing, utakwenda kudai mkataba kwa nani?

Elf iliunganishwa na Total mwaka 2000, nayo leo inaitwa TotalEnergies. Ndiyo yenye asilimia 62 ya hisa za bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Wachina wa CNOOC wana asilimia 8, na Uganda na Tanzania kila moja ina 15 kupitia mashirika yake ya mafuta. Sisemi kuwa kuna aliyeshikwa katika bomba hili, maana sina ushahidi, na nikisema nitakuwa nimefanya kile ninachokikemea. Ninachosema ni kuwa tangu mwaka 2015 nchi yetu ina Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji, inayotaka mikataba ya madini, mafuta na gesi iwekwe wazi. Jamaa yangu mmoja wa barazani, mjuzi sana wa mikanda ya marais, nilimuuliza kama amewahi kudai kuonyeshwa mkataba hata mmoja. Alinitazama, akaniuliza unadaiwa ofisi gani.